Niliapa Kumwaibisha Roscoe Jukwaani

Wiki iliyopita niliwaacha kibarazani kwangu, hapa Memphis, nikiwa nimesimama uso kwa uso na Bwana Lamar Suggs, mwenye ukumbi wa Marquette. Kofia mkononi, jasho linamtiririka. Alikuwa amekuja kuniomba niimbe kesho yake mahali pa Delphine Larue, ambaye sauti ilikuwa imemkauka ghafla. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie hapana.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, sogea karibu nikupe kwa ufupi.

Naitwa Arletha Gaines. Nilikulia Tulley, Arkansas, ng'ambo ya mto, kwenye kwaya ya Kanisa la Zeri ya Gileadi. Mama yangu, ambaye kanisani wanamwita Dada Essie, alikuwa na wimbo uliowatoa watu mbali kuja kuusikia: "Bwana, fungua mlango, nimechoka kubisha." Mpiga kinanda wetu alikuwa Roscoe Pettway. Huyo Roscoe ndiye aliyekuwa mchumba wangu.

Roscoe akaondoka Tulley bila kuniaga. Haukupita muda, wimbo wa mama ukaanza kulia kwenye kila baa, umo kwenye santuri, anauimba Delphine Larue, na kinanda anapiga Roscoe. Walibadilisha neno moja tu. Palipokuwa na "Bwana" wakaweka "mpenzi".

Wazee wa kanisa wakaniita. Walisema wimbo hauna miguu. Nani mwingine alikuwa karibu na Roscoe kiasi cha kumpa wimbo wa madhabahuni akaupeleke baa? Nikafutwa kwaya mbele ya watu wote, mama akiwa amekaa palepale, ameinamisha kichwa. Nikahamia Memphis. Nikaanza kuimba hizohizo nyimbo za kidunia nilizohukumiwa nazo kabla sijaziimba, watu wakanipenda, santuri zangu zikaanza kuuzwa. Lakini niliapa kwamba siku moja Roscoe Pettway nitamlipa, na nitamlipa mbele ya watu, kama nilivyofanyiwa mimi.

Basi, ile "hapana" ilifika kwenye ulimi, ikarudi.

"Nani anapiga kinanda?" nikamuuliza Bwana Suggs.

"Unajua mwenyewe nani anapiga kinanda. Bendi ni ya Roscoe. Lakini Arletha, nakuomba, haya mambo yenu ya zamani..."

"Na ule wimbo wa Delphine, umo?"

"Bila ule wimbo watu watanivunjia viti."

"Basi nakuja."

Alitaka kunikumbatia. Nikamzuia kwa mkono.

"Nina sharti. Nataka safu za mbele, maonyesho yote mawili, la mchana na la jioni. Na basi la kwenda Tulley kuchukua watu."

"Watu gani?"

"Watu wa kanisa langu."

Bwana Suggs akacheka mpaka akakohoa. "Washirika? Kwenye ukumbi wangu? Waje kukaa na hawa walevi?"

"Watakuja. Waambie Arletha Gaines atauimba wimbo wa Dada Essie kama ulivyoimbwa kanisani. Na mwambie dereva asiwashe gari mpaka mama yangu awe ndani."

Alipoondoka, Mina akatoka jikoni na uma mkononi. Wilhelmina Tate ni mwitikiaji wangu na nakaa naye nyumba moja. Alikuwa anakaanga kambale na masikio yameelekea mlangoni.

"Shoga, nimesikia vibaya, au umekubali kwenda kupanda jukwaa moja na yule mwanamume?"

"Umesikia vizuri."

"Basi ngoja nikafiche visu."

"Sihitaji kisu, Mina. Nitapewa kipaza sauti."

Akaniangalia. "Na ukishamtia aibu, halafu? Jumatatu utafanya nini?"

"Nitalala. Sijalala vizuri tangu nitoke Tulley."

Akarudi kwenye kambale wake. Hakuniambia nisiende. Mina ananijua.

Jumamosi asubuhi nikaenda mazoezini. Roscoe alikuwa ameshakaa kwenye kinanda. Amekonda. Mvi zimemwingia mapema. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kijana mzuri aliyevaa suti ya hariri, nikamkuta mtu aliyechakaa, nikakasirika zaidi. Hata hiyo raha aliniibia.

"Habari yako, Letha," akasema.

"Kwako wewe ni Dada Gaines."

Mpiga ngoma akainama kukagua vijiti vyake. Mwenye tarumbeta akaenda kutafuta maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

"Tupige taratibu, kama kanisani?" Roscoe akauliza.

"Kanisani bado unakukumbuka?"

"Nakukumbuka."

"Wewe piga kama kwenye santuri. Kuimba niachie mimi."

Tukafanya mazoezi, na mimi nikaimba "mpenzi, fungua mlango" kwa sauti laini kabisa, asije akashtuka. Ulimi uliniwasha kama nimetafuna pilipili. Tulipomaliza akatazama viti vya mbele, vimefungwa kamba nyeupe.

"Hivi vya nani?"

"Vya watu wa Tulley."

Mikono yake ikatoka kwenye kinanda. "Mama yako anakuja?"

"Anakuja."

"Letha, naomba tuongee. Mimi na wewe tu. Kabla hajafika."

"Muda wa kuongea ulikuwa nao. Uliutumia kutembeza wimbo baa."

"Kuna kitu hukijui."

"Ninachokijua kinanitosha."

Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Nikajisemea, mwizi amesikia mwenye mali anakuja. Nikaenda kuvaa nikiwa naimba chini chini.

Basi la Tulley lilifika mchana. Nilichungulia kwenye pazia nikawaona wakiingia: akina mama wa kanisa na nguo zao nyeupe na kofia zao nyeupe, vipepeo vya kujipepea mkononi, wanatembea katikati ya wasichana wa sketi fupi kama wanapita kwenye matope. Shemasi Otis Crume, yuleyule aliyesoma hukumu yangu, alikaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba kimepakwa dhambi. Na katikati ya safu ya kwanza, mkoba umewekwa magotini, alikaa mama.

Sikuwa nimemwona tangu niondoke. Salamu nilizokuwa nampelekea hazikuwahi kurudi na jibu. Alikuwa amepungua. Moyo ulitaka kulainika, nikaufokea.

Nikaimba nyimbo zangu, watu wakacheza. Akina mama wa kanisa walikaa kimya kama wako msibani kwa mtu wasiyempenda. Kisha bendi ikaanza ule wimbo, na ukumbi mzima ukalipuka, kwa sababu kila mtu Memphis anaujua.

Nikainua mkono. Ngoma ikanyamaza. Tarumbeta ikanyamaza.

"Huu wimbo mnaupenda?" nikauliza.

"Tunaupenda!"

"Mnajua ulitoka wapi?"

"Tuambie, dada!"

"Haukutoka baa. Haukutoka kwa Delphine Larue. Ulitoka kwa mama mmoja pale Tulley, anapiga pasi nguo za watu huku anamwomba Mungu wake. Yule pale amekaa mbele, mama yangu. Akaja mtu aliyekula mezani kwake, akauchukua. Akamtoa Bwana, akaweka mpenzi. Na mimi nikaambiwa ni mimi niliyeutoa. Nikafukuzwa kanisani kwa kosa la mtu mwingine!"

"Nani huyo?" akapiga kelele mtu wa ghorofani.

"Mnataka kumwona?"

"Tunataka!"

"Yupo hapa. Mmemlipia kiingilio. Simama, Roscoe Pettway. Simama watu wakuone."

Akasimama.

Mimi nimewahi kusikia ukumbi ukizomea, lakini kuzomea kule kulikuwa na meno. "Mwizi!" "Toka!" "Mwizi wa mama wa watu!" Mtu akarusha kikombe cha barafu, kikampata kifuani, maji yakamshuka mpaka mkanda. Hakujitetea. Hakuniangalia hata mimi. Alikuwa anatazama safu ya mbele.

"Sasa kaa chini," nikamwambia. "Na upige kama ulivyofundishwa kwenye nyumba ya Bwana."

Akakaa, akapiga. Nami nikauimba wimbo wa mama na maneno yake yenyewe.

Sijui niwaambieje. Sauti niliyokuwa nimeificha tangu Tulley ilitoka yote. Akina mama wa kanisa waliruka kutoka kwenye viti. Mmoja alianguka, wenzake wakampepea. Wale waliokuja kucheza walinyoosha mikono juu, wanalia, pombe bado iko mkononi. Hata Shemasi Crume alikuwa amesimama anapiga mguu sakafuni. Ilikuwa tamu. Sitawaficha, ilikuwa tamu kuliko sifa yoyote niliyowahi kupata, kwa sababu nilikuwa nakanyaga shingo ya mtu huku nikiimba, na watu wananishangilia kwa yote mawili.

Mtu mmoja tu hakusimama. Mama.

Tulipotoka jukwaani Bwana Suggs alikuwa anamsubiri Roscoe kwenye ujia. Hakushusha sauti.

"Chukua koti lako. Jioni usionekane hapa. Sitaki mwizi kwenye ukumbi wangu. Na nitahakikisha hakuna mwingine Memphis anayekupa hata kengele upige."

Nikapita karibu yake kwa makusudi.

"Inauma?"

"Inauma," Roscoe akasema.

"Vizuri."

"Nusu yake ni haki yangu, Letha. Nusu."

Nikacheka. Mtu anapunguziwa aibu kama anapunguziwa bei ya viazi! Nikamwacha pale, shati limemganda mwilini.

Sijakaa sawasawa chumbani kwangu, mlango ukabishwa. Shemasi Crume, kofia mkononi. Nyuma yake mama.

"Dada Arletha," akasema.

"Ah, Shemasi. Nilidhani udada nao nilifutwa."

Mina alikuwa nyuma yangu ananifungua nywele. Nikasikia anabana cheko.

"Kanisa lilikosea," akasema Crume. "Na mimi mwenyewe nilikosea. Tumeongea pale kwenye viti. Tunakuomba urudi nyumbani. Sikukuu ya kanisa imekaribia, na tungependa wewe uwe ndiye..."

"Siku ile ulisema sauti yangu inanuka baa."

"Nilisema."

"Sasa hivi inanuka nini?"

Akaizungusha kofia. "Inanuka... inanuka nyumbani."

Mina akapasuka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilitaka aivute ile aibu mpaka mwisho.

"Usiniombe radhi mimi, Shemasi. Muombe mama yangu. Ulimtukania mwanawe mbele yake, na yeye amekaa hana la kusema. Muombe sasa hivi, nisikie."

Akageuka. "Dada Essie, tunaomba utusamehe."

Mama hakumtazama. "Otis," akasema, "nenda kakae kwenye kiti chako."

Akatoka kama mtoto aliyefukuzwa jikoni. Mama akamgeukia Mina. "Binti yangu, hebu niletee maji ya kunywa. Yawe ya baridi. Usiharakishe."

Mina akaelewa. Mlango ukafungwa.

"Umeimba vizuri," mama akasema.

"Umefurahi?"

"Mwambie yule bwana amrudishe Roscoe kazini."

Nilidhani sikusikia. "Nani?"

"Roscoe. Mrudishe kazini kwake."

"Mama, yule mtu alikuibia."

"Hakuniibia."

"Aliuchukua wimbo wako akaenda..."

"Nilimpa."

Nikamwangalia kwenye kioo, kwa sababu nilishindwa kugeuka.

"Ulimpa nini?"

"Wimbo. Nilimpa kwa mdomo wangu, jikoni kwangu. Na nilimpa ili akuache."

Nje watu walikuwa wanagonga makopo na kuita jina langu. Mama akakaa kwenye kiti cha Mina, mkoba bado magotini.

"Alikuja wewe ukiwa shambani unachuma pamba," akasema. "Alikuja vizuri, kwa heshima, amevaa tai. Akasema anataka kukuoa na kukuleta huku. Akasema Tulley ni ndogo kwa sauti yako. Wenye santuri wamemkubali, kinachokosekana ni wimbo. Nikamwambia, mimi nina mtoto mmoja. Chukua wimbo, niachie mtoto. Uondoke leo, na usimuage."

"Na yeye akasema nini?"

"Alilia."

"Alipomaliza kulia, akasema nini?"

Mama akapapasa kishikio cha mkoba. "Akaniomba nimwimbie polepole ayashike maneno."

Hapo ndipo nilipogeuka.

"Na siku waliponifuta kwaya? Ulikuwa umekaa pale!"

"Nilikuwa nimekaa pale."

"Neno moja tu, mama. Ungesema neno moja!"

"Ningesema, ungejua. Ungejua, ungemfuata."

"Si nimemfuata! Nipo hapa! Nimekuja huku kwa sababu yake, nimeimba kwenye mabanda ya walevi kwa sababu yake, kila santuri niliyotoa niliitoa ili aisikie aumie!"

"Nimeona," akasema mama. "Nimeona leo."

Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa ukelele, sina haja ya kuwaficha. Roscoe alikuwa na ubaya gani? Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, hanywi, hapigi mtu.

"Alikuwa na macho ya kuondoka," mama akasema. "Kama baba yako."

"Baba alituacha. Akaenda na gitaa lake, hakurudi. Umeniambia mwenyewe."

"Alirudi."

Nilishika meza.

"Alirudi mara moja," akasema, na sasa alikuwa anaongea na mkoba wake, siyo na mimi. "Wewe umelala, mvua inanyesha. Akabisha. Akasema, 'Essie, fungua mlango, nimechoka kubisha.' Akasema hivyo tena na tena, sauti inazidi kushuka. Nilikuwa nimesimama upande wa pili, mkono uko kwenye komeo. Sikufungua. Asubuhi hakuwepo. Ile Jumapili nikaingia kanisani na maneno yale yananizunguka kichwani. Nikamtoa Essie nikaweka Bwana. Nikayaimba, watu wakalia."

Kumbe Roscoe hakuwa wa kwanza kubadilisha neno.

Nikakaa. Nilijaribu kumkumbuka baba, nikapata harufu ya tumbaku na goti la suruali. Mtu huyo alikuwa amesimama mvuani nyuma ya ukuta wa chumba nilicholala. Na mimi nimekua nikiitikia maneno yake na kwaya nzima, mbele ya kanisa, sijui kwamba ni yake.

Hasira niliyodhani nimeimwaga yote jukwaani ikanirudia, nzima, na safari hii haikuwa ya mtu mmoja. Roscoe aliniuza kwa wimbo. Lakini aliyeniweka sokoni alikuwa amekaa mbele yangu na kofia nyeupe kichwani, mama wa kanisa, anayependwa, anayepewa kiti cha katikati.

Mlango ukabishwa. Bwana Suggs akaingiza kichwa, meno yote nje.

"Ukumbi umejaa! Waliotoka wamerudi, na watu wako wa kanisa hawataki kuondoka. Nimepata mpiga kinanda mwingine, wa hotelini, si mbaya."

"Simtaki. Mrudishe Roscoe."

"Kichwa chako kizima, mwanamke? Si wewe uliyenifanya nimfukuze?"

"Sasa nakufanya umrudishe. Yeye asipopiga, siimbi."

Akaondoka anatukana chini chini. Mama akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa ya moto na mikavu, mikono ya pasi.

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki. Mimi nilijua una moyo."

Nikamwachia mkono aushike. Hakunielewa, na sikumwelewesha.

"Rudi kwenye kiti chako, mama," nikasema. "Kilekile cha katikati. Na usiondoke kabla sijamaliza."

Alipotoka, Mina akaingia na glasi ya maji iliyojaa pomoni. Nikajua alikuwa mlangoni muda wote.

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Mbao zenyewe nyembamba, shoga, nifanyeje?" Akaweka glasi mezani, akanifunga zipu ya gauni. "Macho yako siyapendi. Unakwenda kufanya nini?"

"Kumalizia."

"Letha. Yule ni mama yako."

"Na mimi nilikuwa mwanawe, siku waliponisimamisha mbele ya kanisa."

"Ni mtu mzima. Kanisa ndilo alilobaki nalo."

"Na mimi nilibaki na nini?"

Mina akanigeuza kwenye mwanga. Akanipaka poda usoni, taratibu, kama anamtayarisha mtu wa kwenda mbali.

Roscoe alikuwa ameshakaa kwenye kinanda nilipopanda. Amevaa shati lilelile, lina alama ya maji kifuani. Watu walianza kumzomea, nikawanyamazisha kwa kidole. Nilipopita karibu yake akasema bila kuinua kichwa:

"Amekuambia."

"Ameniambia."

"Basi yameisha, Letha. Nichukie mimi. Mimi nimezoea."

"Ulimwomba aimbe polepole."

Shingo yake ikazama mabegani.

"Anza kupiga," nikamwambia.

Akaanza. Ukumbi ukasimama kabla sijaimba hata neno. Kule mbele, safu nyeupe yote ilikuwa inayumba, vipepeo vinakwenda. Mama naye safari hii alikuwa anatikisa kichwa kufuata kinanda, na alikuwa anatabasamu. Sijui mara ya mwisho kumwona akitabasamu ilikuwa lini.

Nikainua mkono. Roscoe akaacha. Kukawa kimya hata taa nikazisikia zikinguruma.

"Mchana niliwaambia wimbo huu uliibiwa," nikasema kwenye kipaza sauti.

"Sema, dada!" Shemasi Crume akaitikia.

"Niliwaambia mwizi ni huyu aliyekaa kwenye kinanda. Niliwaambia nilichokuwa nakijua. Sasa nimejua zaidi."

"Sema!"

"Kuna jambo ambalo kanisa la Zeri ya Gileadi linapaswa kulijua kuhusu Dada Essie Gaines."

Akina mama wa kanisa wakamgeukia wakicheka kwa furaha. Walidhani naenda kumsifu. Aliyekaa kulia kwake akampigapiga goti. Mwingine akasema, "Amina, mpe mama yako maua yake!"

Nyuma yangu Roscoe akasema kwa sauti ya chini, "Usifanye hivyo. Letha, nakuomba, usifanye hivyo."

Sikugeuka. Nilikuwa namtazama mama, nikisubiri uso wake uvunjike. Nilitaka kuuona ukivunjika. Nilitaka ainamishe kichwa, kama siku ile.

Hakuinamisha. Tabasamu lilimtoka taratibu, basi. Akampa jirani yake mkoba amshikie. Akaivua kofia yake nyeupe, akaiweka kwenye kiti. Kisha akasimama, peke yake, kichwa wazi, katikati ya watu wote wanaomjua, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa binti wa kwaya ninayeogopa kuanza.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," akasema. "Walio nyuma hawakusikii."